Kwanza jifunze kusoma rejista ya mahabusu

Swali: "Shikamoo wakili. Nina miaka mitatu kwenye uwakili hapa Dar es Salaam, kazi zangu ni mikopo ya benki na migogoro ya ardhi. Nilisoma habari za Vera Chirwa wa Malawi, mwanasheria aliyehukumiwa kifo, akakaa jela, akatoka na kuanza kuzunguka Afrika akikagua magereza. Tangu hapo kazi yangu hainiingii tena. Nataka kufanya kazi ya magereza na haki za binadamu kimataifa. Je, nitangulie kwenda Ulaya kusoma shahada ya uzamili? Na mtu anafikaje huko bila kufungwa kwanza?"

Marahaba, mdogo wangu. Hilo swali la mwisho limenichekesha, kisha likanikalisha siku mbili bila kukujibu. Nitalijibu, ila nikubalie nianze na huyo mama mwenyewe, maana habari zake husimuliwa nusu, na nusu inayorukwa ndiyo inayokuhusu.

Vera Chirwa alizaliwa mwaka 1932, akawa mwanamke wa kwanza wa Malawi kuwa mwanasheria. Mumewe, Orton Chirwa, alikuwa Waziri wa Sheria wa Kamuzu Banda mpaka mwaka 1964, mawaziri walipokorofishana na mkubwa wao na wengi wakakimbia nchi. Miaka yao ya uhamishoni ilipita hapa kwetu Tanzania na kwa jirani zetu Zambia. Mkesha wa Krismasi wa 1981 walinyakuliwa wakiwa upande wa Zambia, pamoja na mtoto wao wa kiume, wakavushwa mpaka. Serikali ya Banda ikasema imewakamata ndani ya Malawi. Mwaka 1983 mahakama ya jadi iliyojaa machifu ikawatia hatiani kwa uhaini na kuwahukumu kifo. Kesi nzima hawakuruhusiwa kuwa na wakili. Hebu fikiria: wanasheria wawili wazima kizimbani, tena wa kwanza kwanza katika nchi yao, wanajitetea wenyewe, na mashahidi wao walioko nje ya nchi hawakubaliwi kuitwa.

Kelele za dunia zilipozidi, mwaka 1984 adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Waliwekwa Zomba, gereza moja, lakini wametenganishwa. Septemba 1992 ujumbe wa wanasheria kutoka Uingereza ulipofika, ndipo mke na mume walipoonana kwa mara ya kwanza baada ya miaka minane. Tarehe 20 Oktoba mwaka huohuo Orton akafia gerezani. Vera hakuruhusiwa kwenda kumzika. Aliachiwa tarehe 24 Januari 1993, miaka 11 na mwezi mmoja tangu ule mkesha wa Krismasi.

Kutoka hapo wasimuliaji huruka moja kwa moja hadi mwaka 2000, aliposhika nafasi ya Ripota Maalumu wa Magereza wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, akakagua magereza ya Uganda, Namibia, Kameruni, Benin, Ethiopia na Afrika Kusini. Mwaka 2001 alikagua hata ya Malawi yenyewe, chini ya serikali nyingine, safari hii akiwa na daftari lake mkononi. Sasa nikuulize: kati ya 1993 na 2000 alikuwa wapi? Alikuwa nyumbani. Alianzisha kituo cha kuwapa watu ushauri wa sheria na elimu ya haki, akashughulika na wajane walioporwa mali na wanavijiji ambao hawakuwahi kumwona wakili. Miaka saba. Hakuna anayeitaja kwa sababu haina ndege ndani yake.

Ama kuhusu kufungwa, usihofu, si sharti. Aliyeanza kushika nafasi hiyo ilipoundwa mwaka 1996 alikuwa Victor Dankwa, profesa wa sheria kutoka Ghana. Baada ya Vera alikuja Mumba Malila wa Zambia, ambaye alipata kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali ya kwao na leo ni Jaji Mkuu. Baadaye akaja Med Kaggwa, aliyekuwa mwenyekiti wa Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda. Ila ujue jambo moja ambalo vijana wengi hawaambiwi: ile si ajira. Ripota ni mmoja wa makamishna wa Tume, na makamishna huchaguliwa na wakuu wa nchi. Maripota wa Umoja wa Mataifa nao hawana mshahara. Na wote hao haingii hata mmoja gerezani bila nchi husika kukubali. Ufunguo anao mwenye jela. Kwa hiyo ukiweka cheo kile kama lengo la maisha utakaa ukisubiri simu ambayo haipigwi kwa watu wa umri wako.

Sasa nikupe ya kwangu. Ni miaka zaidi ya ishirini iliyopita, nilikuwa na umri kama wako. Nilikwenda gereza moja la wilaya, jina lake nalihifadhi, nimevaa suti ya kijivu, begini nina nakala ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa niliyoipigia mistari kwa kalamu ya rangi. Hakuna aliyeniuliza habari za mkataba. Askari wa mapokezi, koplo mtu mzima, alinifungulia rejista ya mahabusu: daftari kubwa lenye jalada gumu, mgongo umebandikwa karatasi ya gundi, mistari ya safu imechorwa kwa mkono. Kila aliyetoka, jina lake limekatwa kwa wino mwekundu. Koplo akaweka kidole kwenye jina ambalo halijakatwa. "Huyu msome," akasema, akaenda zake kunywa chai.

Kosa: wizi wa baiskeli. Safu ya tarehe za mahakamani ilikuwa imejaa hadi pembezoni mwa ukurasa, na mbele ya kila tarehe neno lilelile: kutajwa, kutajwa, kutajwa. Nilihesabu mara 31. Kila baada ya wiki mbili anapakiwa kwenye karandinga, anafika mahakamani, anaambiwa upelelezi haujakamilika, anarudi. Mwaka na miezi miwili na ushee, kwa baiskeli. Na dhamana ilikuwa wazi tangu siku ya kwanza! Hakimu alitaka wadhamini wawili na barua ya mtendaji wa kijiji, na kijiji chake kilikuwa mikoa miwili mbele. Kwao hawakujua kama yuko hai. Nilipiga simu ofisi ya kata, barua ikaja kwa kondakta wa basi, imekunjwa ndani ya kitabu cha tiketi, pamoja na shemeji zake wawili wamepanda basi hilohilo. Siku ya tisa akatoka, ndala moja ya bluu, moja ya kijani. Koplo akachukua rula yake ya mbao na kalamu nyekundu.

Pale hapakuwa na dikteta wala njama. Kulikuwa na karatasi ambayo haikuwa na mtu wa kuifuata. Na sehemu kubwa ya kazi hii, popote duniani, ni hiyo.

Usidhani nadharau mikataba. Mwaka 2015 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopitisha upya kanuni za chini kabisa za kuwatendea wafungwa, zile zinazoitwa Kanuni za Mandela, nilizisoma zote 122 kwa usiku mmoja. Watu wengi huzijua kwa ile ya kifungo cha upweke: kumfungia mtu saa 22 au zaidi kwa siku bila kuongea na binadamu mwenzake kwa maana yoyote, na kwamba kupitisha siku 15 mfululizo ni marufuku. Mimi nilisimama kwenye kanuni ya 7. Inasema mtu asipokelewe gerezani bila hati halali, na aandikwe jina lake, sababu ya kushikiliwa, siku na saa aliyoingia. Nikamkumbuka koplo na rula yake.

Miaka michache kabla ya hapo nilikuwa nimepelekwa Kivu Kusini, Kongo, kwa kazi ya miezi michache. Kiswahili changu kilifanya kazi nusu. Selo ya polisi kule wanaiita kasho, kutoka Kifaransa chao, na siku ya kwanza nilikuwa naitikia tu mambo nusu yake nisiyoyaelewa. Rejista nayo ilikuwa ya Kifaransa. Lakini safu zilikuwa zilezile: jina, kosa, siku ya kuingia, hati, mwisho wa hati. Nikapeleka kidole moja kwa moja kwenye mwisho wa hati, na nusu ya ukurasa ilikuwa imeshapita tarehe. Kijana mmoja kutoka Ulaya tuliyekuwa naye, mwenye shahada mbili na moyo mzuri kabisa, alikuwa bado anapima upana wa madirisha. Madirisha yana umuhimu wake. Ila waliotoka wiki ile walitoka kwa ile safu ya mwisho.

Kuhusu namna jambo dogo la gerezani linavyogeuka la kimataifa, mfano ninaoupenda unatoka tena Malawi. Mei 2000 walianza na magereza manne na wasaidizi wa kisheria wachache, si mawakili, wakisaidiwa na shirika la Penal Reform International la London. Malawi mawakili walikuwa haba mno, na wafungwa wengi hawakuwahi kuwa na wakili hata siku moja. Wale wasaidizi waliwaketisha mahabusu uani, wakafanya igizo: wewe hakimu, wewe mwendesha mashtaka, wewe mshtakiwa, haya, omba dhamana. Mtu aliyekuwa anatetemeka mbele ya meza ya hakimu akajifunza kusema "naomba dhamana kwa sababu hizi" mbele ya wenzake wanaomcheka. Baada ya igizo, wanapitia majina, wanapanga nani hati yake imekwisha, nani ni mtoto kaandikwa mtu mzima, wanapeleka orodha kwa polisi na mahakamani. Hakimu mwenyewe akawa anafuata gerezani, anaketi uani na kusikiliza mashauri madogo papo hapo. Kenya na Uganda wakaiga. Novemba 2004 likatoka Azimio la Lilongwe kuhusu msaada wa kisheria katika kesi za jinai, na Desemba 2012 Baraza Kuu kule New York likapitisha misingi ya dunia nzima kuhusu jambo hilohilo. Sisi sheria yetu ya msaada wa kisheria ni ya 2017, na wasaidizi wa kisheria wamo ndani yake. Hesabu mwenyewe: kutoka uani hadi New York, miaka 12.

Maazimio mengine yasome haraka, utayakuta kila mahali: Kampala 1996, walipokutana wajumbe 133 kutoka nchi 47, Kadoma, Zimbabwe, 1997, kuhusu adhabu ya huduma kwa jamii badala ya jela, ambalo ndilo lenye undugu na sheria ya Kenya ya 1998 na yetu ya 2002, Arusha 1999 kuhusu uendeshaji mwema wa magereza, na hilo si lile la Mwalimu, usije ukaaibika kwenye usaili, na Ouagadougou 2002. Kisha Miongozo ya Luanda ya 2014 kuhusu ukamataji, polisi na mahabusu kabla ya kesi. Hiyo ya Luanda isome polepole.

Kuna njia ya pili, ya mahakamani, na wewe kama wakili wa kesi itakuvuta zaidi. Ina utamu wake. Uganda, Susan Kigula na wenzake, 417 kwa idadi, walipinga adhabu ya kifo ya lazima wakiwa wanaisubiri wenyewe katika gereza la Luzira. Kesi iliongozwa na wakili John Katende wa Kampala, akisaidiana na wanasheria wa London, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ikakubali kwamba jaji hawezi kufungwa mikono asipime mazingira ya kila mtu. Kigula alisoma sheria akiwa mlemle ndani kwa masomo ya mbali ya Chuo Kikuu cha London, akatoka mwaka 2016. Kenya ilifuata na shauri la Muruatetu, Desemba 2017.

Ila hukumu peke yake, ndugu yangu, ni karatasi nyingine inayohitaji mtu wa kuifuata. Malawi ilikuwa imeifuta adhabu hiyo ya lazima tangu 2007, katika kesi ya Kafantayeni, na bado miaka ikapita wafungwa wako palepale. Kilichowatoa ni watu kufunga safari kijiji kwa kijiji baada ya 2014, kuwauliza mama, chifu, mwalimu wa shule ya msingi: huyu alikuwa mtu wa namna gani? Alipata kuugua kichwa? Zaidi ya wafungwa 100 wakaachiwa baada ya kusikilizwa upya. Mwaka 2009, hapohapo Malawi, katika shauri la Masangano mahakama iliamuru msongamano wa magereza upunguzwe kwa nusu ndani ya miezi 18. Amri nzuri sana, nimeifundisha mara nyingi. Magereza yakaendelea kujaa, maana jaji hana bajeti.

Na hapa kwetu jua mipaka. Mahakama ya Afrika iko Arusha, unaweza kwenda na basi, na Novemba 2019 katika shauri la Ally Rajabu iliamua kwamba kifo cha lazima kwa kosa la mauaji kinavunja haki ya uhai. Mwezi huohuo Tanzania ikaondoa ridhaa yake ya kuruhusu watu binafsi na mashirika kupeleka mashauri pale moja kwa moja, na mwaka uliofuata mlango ukafungwa rasmi. Usije ukamwahidi mteja wako kitu ambacho hakipo. Ipo bado milango ya Tume ya Afrika kule Banjul, ya mahakama zetu wenyewe, na ya kazi ya ndani. Ile Tume ya Haki Jinai ya mwaka 2023 iliongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, mtu aliyekuwa ameshaongoza mashtaka Mahakama ya Rwanda kule Arusha na Timor Mashariki. Tazama mwelekeo wa safari: baada ya dunia yote hiyo, alirudi kushughulika na polisi na magereza ya kwao.

Shahada ya uzamili? Ndiyo, lakini si sasa. Nenda baada ya miaka miwili ya kuingia gerezani, ukiwa na maswali yako. Pretoria wana programu ya haki za binadamu Afrika inayochukua watu wa bara zima, nayo ingekufaa kuliko kwenda kufundishwa Afrika huko Ulaya. Ukiing'ang'ania Uingereza, Essex wana jina la miaka mingi katika fani hii. Kilicho bora kuliko shahada zote mbili ni Kifaransa. Kongo, Burundi, Mali, Kameruni, nchi nyingi za Afrika Magharibi. Wakili mwenye Kiswahili na Kifaransa, anayeijua rejista, hakai nyumbani muda mrefu.

Ajira zenyewe ziko za namna chache. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu huajiri wajumbe wa kutembelea waliofungwa, na ni shule kubwa, ila ukishaingia humo unakaa kimya: unayoyaona unamwambia mwenye jela peke yake, huandiki popote. Wengine hawaliwezi hilo, na si dhambi. Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu ina tawi Nairobi na huwa na miradi ya magereza. Kwenye misheni za kulinda amani, nafasi nyingi za magereza huenda kwa maofisa magereza wenyewe wanaoazimwa na serikali zao, kwa hiyo usiwadharau hawa wa kwetu. Leo anakukagua begi, kesho ndiye anayekupokea uwanja wa ndege. Wanasheria vijana huanzia mara nyingi kwenye kujitolea chini ya Umoja wa Mataifa. Na mikataba ni ya mwaka mwaka. Mimi nimewahi kukaa miezi saba bila mshahara nikiwa na mtoto kidato cha pili, kwa hiyo ule utaalamu wako wa mikopo na ardhi usiutupe. Ndio utakaolipa kodi ya nyumba.

Jambo moja ukikosea hapa hutasahau. Usimwulize mfungwa mmoja, mbele ya askari au nyapara, kama anapigwa. Atasema hapana, na usiku atalipia hata ile hapana. Wataalamu wa kutembelea magereza hudai kuwaona wote, kuongea faragha, na kurudi tena, na hicho cha kurudi ndicho kikubwa: unarudi kumwangalia yuleyule uliyeongea naye. Ongea na wengi, hata wale ambao huna la kuwauliza, dakika zilezile kumi kumi, ili asijulikane aliyesema. Mwanzoni mwa kazi nilimwita mtu mmoja pembeni kwa jina. Nilipokwenda mara ya pili alikuwa amehamishwa gereza, na mke wake alitumia wiki tatu kumtafuta.

Basi anza hivi. Kama una mteja mahabusu, hata wa kesi ya ardhi iliyogeuzwa jinai, nenda ukamwone wewe mwenyewe badala ya kutuma karani. Kwa kazi ya msaada wa kisheria kwa wengi, omba kibali Makao Makuu ya Magereza kupitia shirika lililosajiliwa chini ya ile sheria ya 2017. Wapo wanaotafuta mawakili wa kujitolea Jumamosi. Simu iache kwenye gari. Usiende na suti. Beba kalamu mbili, maana moja itaazimwa na haitarudi, na umwombe askari wa mapokezi akuoneshe jina lenye tarehe nyingi kuliko yote.